Tahadhari ya Kutisha na Tahadhari ya Kuandaa: Mtaa wa Mombasa Uige Mfano Upi?

Kamati za mitaa zinapokaa kuandika tahadhari ya mafuriko, moto au bahari kuchafuka, mazungumzo huishia kwenye karatasi: tuchapishe ngapi, tubandike wapi, nani alipie. Swali linalotangulia yote hayo ni hali tunayotaka mtu abaki nayo akishasoma. Anaweza kutiwa hofu ili atii, au anaweza kupewa kazi ya kufanya. Serikali kubwa zimezijaribu njia zote mbili kwa miaka mingi na fedha nyingi, nasi hatuna haja ya kuanza upya.

Nimeweka hapa mifano minne ubavu kwa ubavu: Marekani ya miaka ya 1950, Uingereza ya 1980, Uswidi ya sasa, na Bangladesh tangu 1972. Uswisi nimeiacha. Huko kila mkaazi ana nafasi katika handaki la zege, na mtaa usio na mifereji ya maji ya mvua hauna budi kushughulikia mengine kwanza. Kenya yetu nimeiweka mwishoni, kwa sababu yaliyotupata hapa ndiyo yatakayoamua kama watu watasikiliza.

Kwa mitaa mingi ya Mombasa nachagua Bangladesh, na kutoka Uswidi naazima sehemu moja tu. Asiyekubaliana nami asome sababu, huenda mtaa wake si kama wangu.

Marekani: kobe na dawati

Januari 1951 Rais Harry Truman alitia saini sheria ya ulinzi wa raia. Muungano wa Kisovieti ulikuwa umelipua bomu lake la kwanza la nyuklia Agosti 1949, na Wamarekani kwa mara ya kwanza wakajiona wanafikiwa. Watoto wa shule wakaonyeshwa filamu fupi ya kobe aitwaye Bert, anayejificha gambani akiona hatari, nao wakafundishwa kuingia chini ya madawati na kufunika shingo. Kuanzia 1954 kukawa na zoezi la kila mwaka lililoitwa Operation Alert: ving'ora vinalia, magari yanasimama, watu wanaingia mafichoni. Akina mama wakahimizwa kuweka kabatini chakula cha siku saba.

Wengi hulicheka zoezi la madawati. Mimi silicheki. Februari 2013 kimondo kilipasuka angani juu ya Chelyabinsk, Urusi, na watu karibu 1,500 wakaumia, wengi wao kwa vioo vya madirisha. Mwalimu mmoja aliyeuona ule mwanga aliwaamrisha wanafunzi wake waingie chini ya madawati kabla mshindo haujafika. Hakuna mtoto wake aliyekatwa. Aliyechanwa mkono ni mwalimu mwenyewe. Kwa hiyo kuinama kuna faida, ikiwa mlipuko uko mbali na wewe.

Kasoro ya mfano huu iko kwenye yale ambayo hayakusemwa. Machi 1954 Marekani ililipua bomu la haidrojeni kwenye kisiwa cha Bikini, lenye nguvu ya megatani 15, takriban mara 1,000 ya lile la Hiroshima. Majivu yake yenye sumu ya nyuklia yakawaangukia wavuvi wa Kijapani waliokuwa mbali baharini, na mmoja wao akafa mwaka uleule. Dawati halina la kufanya mbele ya jambo kama hilo, na waliopanga mazoezi walilijua. Mazoezi yakaendelea hata hivyo. Waliokuwa wakiyasimamia waliogopa taharuki ya raia kama walivyoliogopa bomu, kwa sababu nchi yenye raia waliochanganyikiwa haiwezi kushindana kwa silaha. Basi hofu ikawa kitu cha kupimwa: iwe ya kutosha mwananchi akubali gharama za jeshi, isizidi hadi akauliza kwa nini silaha zenyewe ziwepo.

Wapo waliouliza. Mwaka 1955, jijini New York, kikundi kidogo akiwemo Dorothy Day, mwanaharakati Mkatoliki wa amani, kilikaa nje bustanini wakati ving'ora vinalia, kikakataa kujificha, kikakamatwa. Miaka ilivyokwenda waliokataa wakaongezeka, wakiwemo akina mama waliokuja na watoto wao, na baada ya 1961 zoezi hilo likaachwa.

Mtaa ukiamua kuiga huku, uige jambo moja tu: mwili wa mtoto hukumbuka alichokirudia darasani. Mengine yaachwe.

Uingereza: milango iliyoegemezwa ukutani

Hapa sitakaa sana. Mwaka 1980 serikali ya Uingereza ilitoa kijitabu cha kurasa 32, kikauzwa peni 50, kikieleza namna ya kunusurika vita vya nyuklia nyumbani. Ng'oa milango, iegemeze ukutani, ijaze mifuko ya udongo juu yake, paka madirisha rangi nyeupe, weka chakula na maji ya siku 14. Mpango wa awali ulikuwa kukiweka kijitabu hicho hadi vita vikaribie ndipo kigawiwe. Magazeti yakapata habari, serikali ikalazimika kukiuza madukani wakati wa amani, na watu waliposoma kwa utulivu wakakasirika. Harakati za kupinga silaha za nyuklia zikapata wafuasi wengi kuliko zilivyokuwa nao miaka kadhaa nyuma.

Mambo mawili ya kwetu yako hapo. Kwanza, tahadhari iliyoandikwa kwa siri ikaletwa hadharani baadaye huwa imeshapoteza nusu ya imani. Pili, kijitabu kile kilimzungumzia mtu mwenye nyumba yake yote. Nenda Majengo au Kisauni uone: nyumba ya Kiswahili yenye vyumba sita, kila chumba kina mpangaji wake, ukumbi ni wa wote, choo ni cha wote, na mlango ni mali ya mwenye nyumba. Ushauri wowote unaoanza na "katika nyumba yako, chagua chumba" hapo umekwisha kazi.

Uswidi: kijitabu cha kila mlango

Waswidi walianza kugawa maelezo ya vita kwa raia mwaka 1943, na mwaka 2018 wakarudi na kijitabu kipya kilichopelekwa kwa kaya zipatazo milioni 4.8. Toleo jingine likaja Novemba 2024, kurasa 32. Kinaeleza vita, kinaeleza dhoruba, umeme kukatika, mtandao kushambuliwa. Kila kaya inaambiwa ijiandae kujitegemea kwa wiki moja, na sababu inatolewa wazi: mwenye uwezo akijitegemea, msaada wa mwanzo utawafikia wasio na uwezo.

Ninachokipenda ni sauti yake. Hakuna picha ya kutia kiwewe na hakuna ahadi ya uongo. Serikali inakiri kwamba siku za kwanza haitamfikia kila mtu. Ukweli wa namna hiyo ndio uliokosekana kwa kobe Bert.

Sehemu ninayosema tuiazime ni ile ya habari za uongo. Msomaji anafundishwa kujiuliza: nani amesema, anataka nini, habari hii ni ya lini, imepatikana mahali pengine panapoaminika? Pia anaambiwa mapema kwamba, nchi ikivamiwa, taarifa yoyote inayosema mapambano yamesitishwa ni ya uongo. Fikiria uzito wa kuambiwa hilo kabla ya msukosuko, akili ikiwa imetulia. Sisi tunapata sauti za kusambazwa WhatsApp usiku wa manane, mtu asiyejulikana anasema daraja limebomoka au bahari imerudi nyuma, na mtaa mzima unaamka. Kama mtaa ungekuwa umekubaliana zamani kwamba habari ya bahari ni ya kweli ikitoka kwa Idara ya Hali ya Hewa na kusomwa na redio zetu mbili tatu za Pwani, na kwamba sauti isiyo na jina haitoki kwenye simu ya aliyeipokea, usiku kama huo ungepita kimya.

Lakini mengine hayahamishiki. Chakula cha wiki moja kinamtaka mtu mwenye mshahara wa mwezi, na anayekula kwa kibarua cha leo hana wiki ya kuweka. Maji vilevile: mfereji hutoka kwa zamu, na familia nyingi hununua mitungi kutoka kwa mkokoteni. Kumwambia mama huyo aweke akiba ya maji ya siku saba ni kumtwika aibu juu ya shida. Kisha kuna imani. Mswidi anapokea karatasi ya serikali akiichukulia kama barua ya mtu anayemjua. Je, karatasi ya serikali inapokewa hivyo Likoni?

Bangladesh: jirani mwenye kipaza sauti

Novemba 1970 kimbunga kiliikumba pwani ya nchi ambayo sasa ni Bangladesh, kikaua watu wasiopungua 300,000. Kimbunga kilikuwa kimeonekana na taarifa zilikuwa zimetolewa. Hazikuwafikia wengi, na zilizofika hazikueleweka au hazikuaminiwa. Kuanzia 1972 serikali na shirika la Msalaba Mwekundu wakaunda mpango wa maandalizi ya vimbunga unaosimama juu ya watu wa kijiji wenyewe. Leo wanaojitolea ni zaidi ya 70,000. Vifaa vyao ni vya kawaida: vipaza sauti vya mkononi, ving'ora vya kuzungusha kwa mkono, redio, tochi, na bendera. Bendera zikiongezeka, hatari imeongezeka. Zikiwa tatu, ni kuondoka. Asiyejua kusoma anaelewa sawa na mwalimu mkuu.

Ulinganishe na mifano iliyotangulia. Kwa Wamarekani msemaji alikuwa kobe wa kuchorwa na sauti ya ofisini. Kwa Waingereza alikuwa kijitabu. Kwa Waswidi ni taasisi inayoheshimika. Kwa Wabangladeshi ni kijana wa nyumba ya tatu, ambaye akikosea atakutana nawe kesho sokoni, na maji yakija yatamlowesha na yeye. Hana njia ya kukutisha kwa faida yake.

Mpango huu pia umejifunza kutokana na vifo. Kimbunga cha 1991 kiliua watu wapatao 138,000, na wanawake walikufa kwa wingi kuliko wanaume. Wengine walikuwa wakimsubiri mume aamue, wengine waliona aibu kujazana na wanaume wasio ndugu zao kwenye jengo lisilo na stara. Baadaye wanawake wakaingizwa kwa wingi miongoni mwa wanaojitolea, majengo ya kukimbilia yakawekewa sehemu zao, na mifugo ikatafutiwa nafasi, kwa kuwa mtu hamwachi ng'ombe wake wa pekee afe. Majengo mengi kati ya hayo ni shule siku za kawaida, kwa hiyo kila mtoto anaijua njia.

Kimbunga cha Sidr mwaka 2007 kiliua watu takriban 3,400. Amphan ya mwaka 2020 ilikuja katikati ya korona, watu zaidi ya milioni mbili wakahamishwa, na waliokufa nchini humo walihesabika kwa makumi. Utabiri bora, kingo za kuzuia maji na barabara vimechangia, sitaki kumpa sifa zote mtu wa kipaza sauti. Ila bila yeye utabiri ungebaki ofisini, kama ule wa 1970.

Stara, ruhusa ya mume, mzee asiyetaka kuacha nyumba: haya si mageni Mombasa. Mwanamke wa Mji wa Kale akiambiwa akimbilie ukumbi fulani atauliza kwanza nani wako humo na atakaa wapi. Kamati isiyo na jibu imeandika karatasi bure.

Udhaifu wa mpango huu ni uchovu. Wanaojitolea wasipopewa buti, makoti ya mvua na mazoezi ya mara kwa mara, baada ya misimu miwili ya kimya hubaki majina kwenye daftari. Na msimu wa kura ukifika, kila mwanasiasa atataka vijana hao wavae fulana yake. Wakivaa, nusu ya mtaa itaacha kuwasikiliza hata wakisema kweli.

Yaliyotupata sisi

Desemba 26, 2004, tetemeko la Sumatra lilitokea karibu saa kumi alfajiri kwa saa zetu. Mawimbi yalihitaji saa nyingi kuivuka Bahari ya Hindi, yakatufikia mchana. Muda ulitumika. Watu waliondolewa ufuoni, na siku yenyewe ilikuwa Jumapili baada ya Krismasi, ambapo fuo zetu hujaa kuliko siku zote. Somalia walikufa karibu watu 300, Tanzania zaidi ya kumi, Kenya mmoja. Umbali wetu ulisaidia sana, lakini amri nayo ilikuwa nzuri: fupi, ina mahali, ina kitendo. Toka ufuoni, panda juu. Hofu iliyokuwepo siku hiyo ilikuwa ya haki, na ilikuwa na njia ya kupita.

Machi 27, 2020 ni kinyume chake. Jioni ya kwanza ya kafyu ya korona, watu walikuwa kwenye foleni ya feri ya Likoni wakitafuta kufika nyumbani kabla ya saa moja. Polisi wakawapiga na kuwarushia vitoa machozi. Watu waliotakiwa wasikaribiane wakasukumana, wakikohoa na kushika macho. Tangazo lilisema rudini nyumbani mapema, na chombo cha kuwavusha kilikuwa kilekile cha kila siku.

Kuna pia tahadhari iliyopunguzwa. Mwaka 2023 watabiri walionya juu ya mvua za El Niño. Oktoba Rais William Ruto akatangaza kwamba, kwa taarifa mpya, El Niño haitakuja. Novemba mafuriko yaliua watu zaidi ya 100 nchini, na Pwani haikusalimika. Kuwatuliza watu kwa neno lisilo na hakika ni siasa ya hofu vilevile, inafanya kazi kwa upande wa pili.

Ukilinganisha matukio hayo utaona kwa nini Nyumba Kumi haijawa mpango wa Bangladesh, ingawa kwa karatasi inafanana nao. Ilihimizwa kitaifa baada ya shambulio la kigaidi kwenye jengo la maduka la Westgate, Nairobi, la Septemba 2013: majirani wajuane, walindane. Wazo la kujuana ni letu tangu zamani. Ila Februari 2014 polisi walivamia Masjid Musa hapa Majengo na kukamata vijana zaidi ya mia, na Novemba mwaka huohuo misikiti minne ya Mombasa ikafungwa kwa muda. Katika hali hiyo mzazi anayeulizwa na jirani "mgeni wako ametoka wapi?" anasikia swali la polisi. Kwa Bangladesh habari hushuka, kutoka kwa mtabiri hadi mlangoni kwako. Kwa Nyumba Kumi, kama ilivyoeleweka huku, habari hupanda, kutoka mlangoni kwako hadi kwa chifu. Sisemi ugaidi haukuwepo. Bomu la hoteli ya Kikambala, kaskazini mwa Mombasa, mwaka 2002 tunalikumbuka. Nasema kamati moja haiwezi kufanya kazi zote mbili. Kamati ya tahadhari isiandike wageni. Iandike mzee asiyetembea, mjamzito, mlemavu, mgonjwa wa kubebwa, na daftari hilo likae kwa majirani wanaobeba.

Tahadhari ikikosea

Mfano wowote mtakaouchagua, siku moja utapiga kengele bure. Aprili 2012 tetemeko jingine la Sumatra, la ukubwa wa 8.6, liliitia Bahari ya Hindi yote katika tahadhari, Kenya ikiwemo, na wimbi la maana halikuja. Januari 2018 wakaazi wa Hawaii walipokea kwenye simu ujumbe wa kombora linalokuja, na ikachukua dakika 38 kabla ya kuambiwa kwa njia ileile kwamba ni makosa. Kosa la kwanza watu husamehe. Kimya kinachofuata ndicho kinachowafanya wapuuze mara ya pili. Basi karatasi ya mtaa iseme tangu mwanzo nani atatangaza kwamba hatari imepita, na kwa alama gani.

Nani achague nini

Kwenye maghorofa ya Nyali au Tudor, wenye lango, bawabu na tangi la maji, kijitabu cha Kiswidi kinafaa karibu kama kilivyo, mradi kiongezwe kipengele cha wafanyakazi wa nyumbani, ambao mara nyingi ndio pekee waliopo mchana na watoto. Shule na madrasa zichukue mazoezi ya mwili ya Kimarekani, kwa moto na kwa tetemeko, na mwalimu awaeleze watoto ukweli wa kadiri ya umri wao. Majengo, Kisauni, Likoni na Mji wa Kale nawashauri Bangladesh: vijana wawili wawili, mwanamume na mwanamke, kwa kila vichochoro vichache; kipaza sauti; bendera mahali panapoonekana; misikiti na makanisa yakubaliane maneno yaleyale yasomwe kote. Zoezi lifanywe siku ya bamvua, maji yakiwa juu, ili watu waone wenyewe yanapofika.

Sehemu ya wavuvi waandike wavuvi wenyewe kupitia kamati zao za ufuo. Karatasi inayosema "msiende baharini" bila kusema chombo kifungwe wapi, mashine ihifadhiwe na nani, na siku hiyo watoto wale nini, haitamzuia mtu kutia ngalawa majini.